Ekrani haijakufa: juu ya nini menyu na vivuli vinageuka nyeusi ku kompyuta, na namna ya kujua shida inatoka wapi

Ukiingia katika nyumba ya sekretaria, fasi wanapochapa barua, kadi za mualiko wa arusi na mabango ya matanga, utakuta mara nyingi mashini moja yenye ekrani "inayofanya mambo yake." Ukifungua menyu, kunatokea muraba mweusi kandokando. Ukisogeza dirisha, kivuli chake kinabaki nyuma sawa vile muchafu. Majina ya bibi arusi na bwana arusi, yaliyopaswa kuelea juu ya picha, yanakuja ndani ya kisanduku cheusi. Mwenye mashini anaita fundi, na fundi, ao mutu anayejiita fundi, anatoa jibu moja: "Ekrani imekufa, yaya. Ununue ingine."

Mara nyingi ekrani haijakufa. Haina hata kosa. Shida iko katika hesabu ndogo ambayo kompyuta inafanya mara 60 kila sekunde kusudi kitu kimoja kionekane kupitia kingine, na hesabu hiyo inaweza kuharibika fasi mbalimbali: ndani ya faili, ndani ya programu, ndani ya piloti, ao kweli ndani ya chuma yenyewe. Kutafuta ni fasi gani hakuombi feza. Kunaomba dakika kumi na utulivu. Kwa mutu ambaye mashini yake njo inalipa minervali ya watoto, tofauti kati ya dakika kumi na bei ya ekrani mupya si kitu kidogo.

Ku ekrani hakuna kitu chenye kupitisha mwanga

Tuanze na jambo ambalo wengi hawajaambiwa. Ukilala ndani ya chandarua, unaona ukuta kupitia matundu yake, sababu mwanga unapita kweli. Ku ekrani mambo haiko vile. Ekrani ya laptopu ya kawaida ina nukta 1366 kwa upana na 768 kwa urefu, ni kusema zaidi kidogo ya milioni moja. Kila nukta inaonyesha rangi moja tu, inayotokana na namba tatu: nyekundu, kijani na buluu, kila moja toka 0 mpaka 255. Hakuna nukta inayoweza kuonyesha vitu viwili kwa pamoja.

Kwa hiyo kompyuta inadanganya macho, lakini kwa hesabu. Kila picha inayoweza kuonekana kupitia inapewa namba ya ine, inayoitwa alfa. Alfa ikiwa 255, kitu kinafunika kabisa. Ikiwa 0, hakionekani hata kidogo. Ikiwa katikati, kompyuta inachukua sehemu ya rangi ya juu, inaongeza sehemu ya rangi ya chini, na inaandika jibu. Weka nyeusi (0) ya alfa nusu juu ya nyeupe (255): jibu linakuwa karibu 128, ni kusema kijivu. Kile kivuli kizuri chini ya menyu ni hiyo hesabu tu, hakuna uchawi.

Akili hiyo ilitoka Marekani mwisho wa miaka ya 1970, kwa Ed Catmull na Alvy Ray Smith waliokuwa wanatumika katika chuo cha New York Institute of Technology. Katika 1984, Thomas Porter na Tom Duff waliandika kanuni zote za kupanga picha juu ya picha, na kanuni hizo njo zinatumika mpaka leo katika simu yako. Catmull alikuwa kisha mumoja wa waanzilishi wa Pixar, kampuni ya filamu za watoto.

Sasa, juu ya nini ni weusi njo unatokea, si rangi ingine? Kwa sababu fasi isiyoonekana kabisa, mara nyingi inawekwa ndani ya kompyuta kama 0, 0, 0, na alfa 0. Namba ya ine ikipotea ao ikikosa kusomwa, zinabaki zile sifuri tatu. Na sifuri tatu ni nyeusi. Kila mara ukiona kisanduku cheusi fasi ambapo hakupaswa kuwa kitu, sema ndani ya moyo: kuna mutu njiani aliyetupa alfa. Kazi yako ni kumutafuta.

Jaribio la kwanza: piga picha ya ekrani

Mbele ya kugusa kitu chochote, fanya hivi. Shida ikiwa inaonekana, finya kwa pamoja Windows na kitufe chenye maandishi "Impr écran" (ku klaviye zingine ni "PrtSc"). Picha inajiweka yenyewe katika Images, ndani ya "Captures d'écran". Itume ku simu yako, kisha iangalie huko.

Kama ule muraba mweusi unaonekana pia ku simu, ekrani iko safi. Waya iko safi. Kosa lilikuwa tayari ndani ya kompyuta mbele picha haijafika ku ekrani. Mutu yeyote anayetaka kukuuzishia ekrani ingine kiisha jaribio hilo, umuonyeshe simu.

Kama haionekani ku simu, usikimbilie kuhukumu. Inaweza kuwa ekrani ao waya, lakini Windows ina pia njia ya kupitisha vipande fulani, kama vile video, moja kwa moja ku karte grafiki bila kuvichanganya na vingine, na njia hiyo ikisumbua, picha ya ekrani haiwezi kuionyesha. Nvidia wenyewe walishatoa faili ya kuzima njia hiyo, kwa sababu madirisha yalikuwa yanapepesuka ku mashini za watu. Kwa hiyo unganisha kompyuta na televizyo ya jirani kwa waya ya HDMI. Shida ikifuata mpaka ku televizyo, ekrani imeachiliwa huru.

Jaribio la pili ni lepesi zaidi: zima kompyuta, uiwashe, na uangalie ile dakika jina la Dell, HP ao Lenovo linatokea, mbele ya Windows kuamka. Mistari ya rangi, nukta zinazocheza ao vipande vya muraba vikionekana tayari pale, programu haina kosa. Hiyo ni chuma. Tutarudilia jambo hilo mwishoni.

Mugonjwa wa kwanza: faili yenyewe

Tuseme kweli: malalamiko mengi ya visanduku vyeusi hayana uhusiano wowote na mashini. Ni WhatsApp.

Muteja anakutumia logo ya kanisa ao ya shirika. Kwake logo ilikuwa PNG, aina ya faili inayobeba alfa. Lakini aliituma kama picha, na WhatsApp ikiigeuza JPEG ili ipunguze uzito. JPEG haijui alfa hata kidogo, haikutengenezwa nayo. Fasi zisizoonekana zinajazwa nyeupe ao nyeusi, na hakuna mutu anayeweza kuzirudisha. Dawa ni kumuambia muteja: "Papa, unitumie kama document, si kama photo." Faili inafika nzima. Ikiwa ilishageuzwa, kubadilisha tu jina lake toka .jpg kuwa .png haisaidii kitu. Ni sawa na kuandika "sukari" ku kifuko cha chumvi.

Kuna pia mutego mwingine ambao vijana wa dizaini wanaujua muzuri. Unatafuta ku intaneti picha ya maua bila mandharinyuma, unaona vile viraba vya kijivu na nyeupe vinavyoonyesha kwamba picha ni wazi, unaishusha, na viraba vile vinakuja pamoja nayo. Mutu alivichora ndani ya picha. Alama ya kutambua: picha ya kweli inaonyesha viraba tu ukishaifungua katika programu ya dizaini, lakini katika orodha ya picha za kutafuta mara nyingi inakuja na rangi moja nyuma. Ukiona viraba mapema sana, jiulize mara mbili.

Piloti, njo chanzo kikubwa

Kama faili iko sawa na bado menyu zinageuka nyeusi mu kila programu, angalia piloti. Piloti ni programu ndogo inayofasiria Windows na karte grafiki. Tangu Windows Vista ya 2007, kila dirisha linachorwa peke yake pembeni, na karte grafiki njo inayapanga yote moja juu ya ingine pamoja na vivuli vyao. Tangu Windows 8 ya 2012, upangaji huo hauzimiki tena. Kwa hiyo piloti ikiwa mubaya ao ikikosekana, kosa halionekani katika programu moja. Linaonekana kila fasi.

Finya Windows na herufi X, fungua "Gestionnaire de périphériques", kisha "Cartes graphiques". Unapaswa kuona jina la kweli: Intel, AMD ao Nvidia. Ukiona jina la Microsoft na maneno "de base", mashini yako haina piloti yake. Iko inatumia ile ya dharura, na kazi yote ya kuchanganya rangi inaangukia prosesa. Hapo njo uzito, madirisha yanayoacha mikia na vivuli vinavyopotea vinatoka.

Hali hiyo inapatikana sana kwetu sababu ya namna mashini zinatufikia. Tunanunua laptopu za okazyo, zilizopita mikono mingi, na muuzishaji anaweka Windows haraka haraka kutoka ku flashi, bila kumaliza na piloti. Kuna jambo lingine la kuangalia mbele ya kulipa. Soma namba nyuma ya i3, i5 ao i7. Kama ni namba ine na inaanza na 2, mufano i5-2520M, hiyo ni prosesa ya kizazi cha pili, ya 2011. Karte grafiki zake, Intel HD Graphics 2000 na 3000, Intel haikuzitengenezea kamwe piloti rasmi ya Windows 10. Zinatumia ile ya Windows za zamani, na zinaenda, lakini ukiona ajabu ku menyu za mashini ya namna hiyo usipoteze juma nzima kutafuta piloti mupya. Haiko. Inayoanza na 4, sawa i5-4300U, ina piloti ya Windows 10. Na kwa Windows 11, Microsoft inaomba kwa kawaida kizazi cha nane kwenda mbele, jambo ambalo limekuwa na uzito tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipomaliza kuhudumia Windows 10 ya kawaida.

Kuna dawa moja ya haraka ambayo mafundi wengi hawaijui ao hawaisemi. Finya kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B. Ekrani inazimika sekunde moja, unasikia mulio mudogo, na inarudi. Umeamsha piloti upya bila kufunga kazi yako. Kama weusi umetoka, umejua kwamba piloti ilikuwa imechoka, na umeokoa barua ya muteja uliyokuwa hujairekodi.

Shida ikianza siku moja kiisha Windows kujirekebisha yenyewe, fanya kinyume: katika dirisha lile lile la karte grafiki, ukurasa wa "Pilote" una kitufe cha kurudisha piloti ya zamani. Si kila kipya ni dawa. Na ukitaka kushusha mupya, nenda kwa mutengenezaji wa mashini (Dell, HP, Lenovo) ao wa karte, si kwa zile programu zinazojitangaza kwamba zinatafuta piloti zote kwa kufinya mara moja. Nyingi zinakuletea matangazo na virusi. Piloti moja inaweza kuwa na mega mia kadhaa, na tunajua bei ya mega. Kama jirani ana mashini ya aina moja na yako, shusheni pamoja, mugawane kwa flashi.

Programu moja tu ikisumbua

Kama shida iko mu programu moja na zingine ziko sawa, usiguse piloti. Programu nyingi zina kitu kinachoitwa "accélération": zinapeleka kazi ya kuchora ku karte grafiki kusudi ziende mbio. Ku mashini ya zamani, mbio hiyo njo inaleta ajali. Katika Chrome, fungua Paramètres, kisha Système, uizime, na ufungue Chrome upya. Katika Photoshop, fungua Préférences, Performances, na utoe alama ku "Utiliser le processeur graphique". Katika LibreOffice, pitia Outils, Options, LibreOffice, Affichage: kuna pale chaguo la Skia, mutambo wa kuchora uliowekwa tangu toleo la 7.0 la 2020, na unaweza kuilazimisha ichore kwa programu bila karte. Kazi itaenda polepole kidogo. Lakini kisanduku kitatoka.

Ukitaka kuzima uzuri wa Windows yenyewe, Paramètres, Personnalisation, Couleurs, "Effets de transparence." Hiyo si dawa ya kweli, inaficha tu alama ya ugonjwa. Lakini ku mashini ya 4 Go naitumia bila haya.

Tuseme pia neno juu ya memori. Tabaka moja linalojaza ekrani ya 1920 kwa 1080 linaomba bayti ine kwa kila nukta, jumla karibu mega 8. Si kitu. Lakini bango la A3 kwa nukta 300 kila inchi linaomba karibu mega 70 kwa tabaka moja nzima. Weka tabaka kumi, picha ya marehemu, msalaba, maua, mawingu, ukungu, unafika mega 700, na karte za Intel hazina memori yao, zinakula ile ya mashini. Ndiyo maana tabaka fulani zinatoweka ao zinageuka nyeusi wakati bango linakaribia kuisha. Unganisha tabaka ulizomaliza, funga Chrome, utaona tofauti.

Wanaotumika na video na kurusha moja kwa moja

Makanisa na vijana wanaorusha matangazo ku Facebook kwa OBS wanakutana na shida yao ya pekee: logo iko sawa, maandishi yako sawa, lakini ekrani wanayotaka kuonyesha inakuja nyeusi kabisa. Ku laptopu zenye karte mbili, Intel na Nvidia, hiyo ni kawaida. Ekrani inaendeshwa na Intel, OBS imefunguka ku Nvidia, na kila moja haioni memori ya mwenzake. Fungua Paramètres, Système, Affichage, kisha Graphiques, ongeza OBS, uchague "Économie d'énergie", ufungue OBS upya.

Kwa video za arusi, jua kwamba MP4 ya kawaida haibebi alfa. Logo inayozunguka uliyoitengeneza bila mandharinyuma, ukiitoa kwa MP4, itarudi na weusi nyuma yake. Itoe kwa MOV ya ProRes 4444, ao WebM, ao mufululizo wa PNG. Lakini zile video za moto, nyota na vumbi la dhahabu zinazoshushwa zikiwa na weusi nyuma, hizo hazijaharibika: zilitengenezwa vile kwa makusudi. Badilisha namna ya kuchanganya tabaka iwe "Écran" ao "Screen", na weusi unatoka wenyewe, mwanga tu unabaki. Nimeona watu wakikata moto ule kwa mukono, picha kwa picha, usiku muzima.

Ku imprimanti

Wakati mwingine ekrani ni nzuri kabisa, lakini karatasi inatoka na muraba mweusi nyuma ya logo. Lugha ya zamani ya kuchapa, PostScript, haijui alfa; PDF ilianza kuibeba katika toleo la 1.4, mwaka wa 2001. Piloti ya imprimanti ikishindwa kugeuza, inajaza. Katika Acrobat Reader, ukishafungua dirisha la kuchapa, finya "Avancé" na uchague kuchapa kama picha. Kurasa zitachelewa kutoka, lakini kompyuta itafanya hesabu yote yenyewe na imprimanti itapokea rangi tupu. Jaribu ukurasa mumoja mbele ya kutuma kadi mia mbili.

Ikiwa ni chuma kweli

Mistari ikiwa inaonekana mbele ya Windows, hapo tunazungumza joto, vumbi ao chipu iliyoungua. Anza na joto: mashini inayofanya mistari kiisha dakika ishirini tu, na si mapema, inaomba kufunguliwa, kupangushwa na kubadilishiwa pasta. Kwa wakaaji wa Goma, wanaoishi juu ya ile changarawe nyeusi ya volkano, si kazi ya mara moja kwa miaka mitano.

Ku kompyuta ya meza, toa karte grafiki na uunganishe ekrani ku tundu la ubao mukubwa, ikiwa prosesa inaruhusu. Ikienda sawa, umejua nini cha kununua. Ku laptopu, chipu imechomelewa ku ubao wenyewe. Fundi anaweza kukuambia ataipasha moto na itarudi. Inaweza kurudi, ndiyo, siku kadhaa ao majuma, kisha ikafa tena. Kwa kazi hiyo lipa kidogo ao usilipe kabisa. Na ikiwa anasema ni ekrani, muombe aunganishe mashini na ekrani ingine mbele yako, muangalie pamoja, mbele feza haijatoka mufukoni.